Kaunta buku la paswedi za watu

Chini ya meza yangu ya kazi, nyuma ya boksi la karatasi, kuna kaunta buku lenye jalada gumu jeusi. Ndani yake yameandikwa majina ya watu, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), barua pepe zao na, mbele ya kila barua pepe, paswedi. Nililianza mwezi uleule niliofungua stesheneri hapa Makole, Dodoma, baada ya kuona kwamba mteja ukimfungulia akaunti leo, akirudi baada ya miezi minne hakumbuki hata herufi moja. “Dada, si uliandika wewe?” Ni kweli, niliandika mimi. Ningekuwa na roho mbaya, nusu ya mtaa ingekuwa inadaiwa mikopo isiyoijua.

Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila nikisikia inatajwa redioni, nalisogeza boksi la karatasi kidogo lifiche vizuri zaidi.

Kwa wasomaji wa mbali, stesheneri huku kwetu haiishii kwenye kalamu na kopi. Mtu anataka kuomba kazi, chuo, mkopo wa mwanafunzi. Anakuja na bahasha yake ya kaki, anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananitajia, mimi nabonyeza. Fomu ya kawaida 3,000, ndefu 5,000. Kuskani ukurasa 500, kuprinti 200. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, fomu haziishi, na mimi silalamiki.

Wengi walio kwenye kaunta buku wanakuja kwa sababu hawana kompyuta, au bando limekata, au wanaiogopa tu fomu. Mwalimu hakuwa na sababu hata moja kati ya hizo, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulitambua hilo.

Jina lake silitaji. Ni Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu, hadi kijana wa bajaji anayemshusha mlangoni kwangu na kumwambia “ngazi moja, Mwalimu.” Anafundisha Historia na Kiswahili kwenye sekondari moja ya upande wa Chamwino. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitatu. Akapelekwa Buigiri, shule ya wasioona ambayo Waanglikana waliianzisha mwaka 1950, ya kwanza nchini, na huko ndiko vidole vyake vilikojifunzia nukta nundu. Siku hizi anatembea na simu janja iliyopasuka kioo. Kioo hakimsumbui, anasema, kioo ni cha wenye macho.

Nikawa namwangalia anavyoitumia. Anaishika karibu na sikio, kidole gumba kinateleza, na sauti inatoka kwa kasi ambayo mara ya kwanza nilidhani ni redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Ni ile programu ya TalkBack ya kwenye simu za Android, inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Wenye iPhone wana VoiceOver, nayo ipo tangu 2009. Mwalimu anasoma magazeti humo, anatuma hela, anajibu ujumbe wa WhatsApp wa walimu wenzake kabla mimi sijafungua wangu. Halafu mtu huyohuyo anakodi bajaji kuja Makole kujaziwa fomu.

Mara ya kwanza alikuja kuomba nafasi ya mafunzo. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, duka limejaa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Uko peke yako?”

Nilikuwa nahesabu kopi za mtu, swali lake likapita pembeni ya sikio. “Karibu, Mwalimu, kaa hapa.” Tukafungua tovuti, tukafika mahali pa kuingilia. Nikamwomba paswedi. Akaitaja kwa sauti ileile anayofundishia darasa la watoto sitini: jina la marehemu mke wake, herufi ya kwanza kubwa, halafu mwaka waliofunga ndoa. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wanne. Mmoja, aliyekuwa anasubiri laminesheni, akatazama sakafu. Mimi nikaandika kwenye kaunta buku kama kawaida yangu.

Fomu ikaendelea. Mshahara kiasi gani. Wategemezi wangapi. Ulemavu gani, ulianza lini. Akajibu vyote, na mimi nikabonyeza vyote, na wale wanne wakasikia vyote. Akalipa 3,000 na kunishukuru.

Alikuja tena mara tatu au nne kabla sijamuuliza. Siku niliyomuuliza ilikuwa ya Januari, mvua imeshika, umeme umekatika, wateja hakuna. Tumekaa tu. Nikasema, “Mwalimu, samahani, simu unaiweza kuliko mimi. Kwa nini hizi fomu usijaze mwenyewe?”

Hakunijibu. Alitoa simu, akaiwekea sauti ya spika, akapunguza kasi hadi nami niweze kusikia, akafungua tovuti ileile ya mafunzo na kuanza kutelezesha kidole. Simu ikasema: “Kisanduku cha kuhariri.” Akatelezesha. “Kisanduku cha kuhariri.” Akatelezesha. “Kisanduku cha kuhariri.” Akatelezesha. “Kitufe.” Akatelezesha. “Kitufe.”

“Haya, mwanangu,” akasema. “Hapo naandika jina, au namba ya simu, au jina la mama yangu?”

Nikaangalia kioo kilichopasuka. Mimi nilikuwa naona kila kitu: Jina la Kwanza, Jina la Kati, Jina la Ukoo, na chini yake vitufe viwili, Hifadhi na Futa. Mwalimu alikuwa na visanduku vitatu visivyo na jina na vitufe viwili, kimoja kinaokoa kazi yake na kingine kinaitupa, na vyote viwili vinaitwa kitufe.

Mdogo wangu wa mwisho anasomea mambo ya kompyuta UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Jumamosi huwa anakuja kula kwangu na kutumia intaneti ya dukani, kwa hiyo nilimkalisha nikamwonyesha. Akabofya upande wa kulia, akafungua dirisha la kodi za ule ukurasa (kodi za kompyuta, msiogope) na kuanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyeona kazi mbovu ya fundi mwenzake. “Dada, hawajaweka lebo.”

“Lebo zipo, si naziona hizo hapo?”

“Hayo ni maandishi yaliyokaa jirani na kisanduku. Hayajafungwa kwenye kisanduku.”

Nilielewa pale aliponikumbusha zabibu. Mjomba wetu ana shamba Hombolo, na msimu wa kuvuna wakulima wanapanga kreti zao kwa mnunuzi. Sasa fikiria jina la mkulima limeandikwa kwa chaki sakafuni, pembeni ya kreti. Anayeona anaangalia chini na kujua hii ni ya nani. Lakini ukilinyanyua kreti kulipeleka kwenye mzani, jina linabaki sakafuni. Programu ya kusoma skrini ndivyo inavyofanya kazi: inanyanyua kisanduku kimoja kimoja na kukipeleka kwenye sikio la mtu. Kama jina halikufungwa kwenye kreti lenyewe, linalofika masikioni ni “kisanduku cha kuhariri”. Kulifunga ni mstari mmoja: kisanduku unakipa kitambulisho, tuseme “jina”, halafu yale maandishi unayaweka ndani ya tagi ya label inayotaja kitambulisho hichohicho. Mdogo wangu aliniandikia mfano kwenye karatasi ya kopi iliyoharibika. Nilipima kwa saa ya ukutani, hakumaliza hata dakika moja.

Sikuamini. Mwaka mzima wa bajaji, mwaka mzima wa kutajiana mishahara mbele za watu, kwa kazi ya dakika moja?

Jioni hiyohiyo alinipakulia NVDA kwenye kompyuta ya dukani. Ni programu ya kusoma skrini ya Windows, ya bure kabisa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, kisha akaungana naye mwenzake James Teh, naye asiyeona. Ndani yake kuna sauti ya Kiswahili. Ina lafudhi ya roboti aliyelelewa bweni, lakini inaeleweka. Mwalimu alipokuja tena nikamwambia leo sikujazii, leo unanifundisha. Alifurahi mno. Akaniambia nizime kioo cha kompyuta kwanza, “maana macho yako yatakudanganya kwamba unasikia.”

Basi nikajifunza. Herufi H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, F kwenye kisanduku cha fomu, B kwenye kitufe, G kwenye picha, K kwenye kiungo. Mwalimu hasomi ukurasa toka juu hadi chini, hakuna mwenye muda huo. Anarukaruka vichwa vya habari kama wewe unavyopitisha macho. Lakini H inafanya kazi kama aliyetengeneza tovuti aliviandika vichwa kama vichwa. Akichukua maneno ya kawaida na kuyakuza na kuyakoleza tu, kwako ni kichwa cha habari, kwa H ni hewa. Tovuti za namna hiyo ni nyingi mno. Unabonyeza H, roboti anasema hakuna kichwa kinachofuata, na unabaki na ukurasa mrefu kama barabara ya Manyoni, huna pa kushukia.

Kilichonichekesha, na baadaye kuniudhi, ni lugha. Tulifungua tovuti moja, Kiswahili kitupu, na NVDA ikaanza kuisoma kama Mwingereza aliyeshuka ndege juzi. “Tarehe ya kuzaliwa” ikawa kitu kama “teari yei kyuzaliwa”. Nikadhani programu imeharibika. Mwalimu akasema hapana, uliza mdogo wako ukurasa umejitambulisha kwa lugha gani. Kila ukurasa wa wavuti una mahali pa kusema mimi ni wa lugha fulani, juu kabisa, mahali msomaji wa kawaida hafiki. Kiswahili ni lang="sw". Huu ulikuwa umeandikwa "en", maana fundi alichukua kiolezo cha Kizungu, akabadilisha maneno yote, akasahau herufi hizo mbili. Programu imeambiwa hiki ni Kiingereza, nayo ikatii. Tunajivunia Kiswahili kwenye majukwaa yote, halafu tunamfanya mwalimu wa Kiswahili asomewe Kiswahili chake kwa ulimi wa Kizungu.

Nilikuwa bado nayachukulia haya kama mambo ya Mwalimu, mambo ya wasioona, hadi mausi yangu ilipokufa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi fulani, saa tano na robo usiku, na kijana mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki akitikisa mguu. Mausi ikagoma. Nikabadilisha betri, ikagoma. Maduka yamefungwa. Nikakumbuka Tab. Mwalimu alikuwa amenifundisha: Tab inasogea mbele, Shift na Tab inarudi nyuma, Enter unabonyeza. Nikaanza kwa kujiamini. Kumbe tovuti ile waliuondoa ule mstari unaozunguka kitufe ulichosimama juu yake, nadhani waliona unaharibu sura. Kwa hiyo nabonyeza Tab, nimesogea, lakini nimesogea wapi? Nilikuwa nahesabu kwa vidole: hiki jina, hiki namba, hiki wilaya.

Kwenye tarehe ya kuzaliwa ikafunguka kalenda. Huwezi kuandika mwaka, lazima urudi mwezi mmoja mmoja kwa mshale. Kijana amezaliwa 1999, nikabonyeza Enter hadi kidole kikafa ganzi. (Baadaye nilimpigia hesabu Mwalimu, aliyezaliwa 1971: ni zaidi ya mara 640.) Tukafika mwisho. Nikahesabu, nikajiambia kitufe cha kwanza ni Rudi, cha pili Wasilisha. Nikabonyeza. Cha pili kilikuwa Futa Yote.

Yule kijana hakusema neno. Mguu ukaacha kutikisika, basi. Nilimkimbilia jirani yangu wa saluni nikamwamsha kwa simu, akanitupia dirishani mausi ya mtoto wake, tukaanza upya, tukatuma saa sita kasoro dakika nane. Sikumdai hela. Nilipolala nilikuwa nawaza watu ambao kwao mausi imekufa siku zote: waliokatwa mkono, wanaotetemeka, waliopata kiharusi. Yuko baba mmoja wa Chang'ombe, fundi cherehani zamani, anabonyeza kwa kijiti alichofunga kwenye kiganja. Nilikuwa namwona kila wiki.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana nimewasema sana mafundi.

Ofisi nyingi zinanileteaga matangazo niyaskani. Tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, kila neno lipo hai, unaweza kulitafuta, kulikuza, kulisikiliza. Halafu linaprintiwa. Bosi anasaini, katibu anagonga muhuri. Linaletwa kwangu, nalaza kwenye skana, shilingi 500, linatoka PDF ambayo ndani yake hakuna neno hata moja. Ni picha ya maneno. Wanaipandisha kwenye tovuti na kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, na simu ya Mwalimu ikilifikia tangazo hilo inasema “picha”, inanyamaza. Nilimsomea kwa sauti matangazo ambayo mimi ndiye niliyeyaua. Nimeskani mamia. Muhuri tunaupenda nchi hii, najua, na sisemi uachwe. Lakini kwani ile faili ya mwanzo inakuwa imekwenda wapi? Siku hizi ofisi ikija nawaambia: nipeni na ile ya Word, pandisheni zote mbili, yenye muhuri kwa wanaotaka muhuri na yenye maneno kwa wanaotaka maneno. Wawili watatu wamekubali. Mmoja aliniuliza, “Wasioona nao wanaomba kazi?” Nilimtajia Mwalimu. Akasema aa, huyo ni wa kipekee.

Picha za kawaida nazo zina dawa yake, maandishi mbadala ya kuielezea picha, yanayokaa ndani ya kodi ya ukurasa, sehemu inayoitwa alt. Hapa watu wanakosea kwa pande zote mbili. Wapo wasioweka kabisa, unasikia programu inakusomea jina la faili, IMG nukta namba namba namba. Na wapo waliosikia kwenye semina kwamba ni lazima, wakaandika “picha” kwenye kila picha. Picha ya waziri akikata utepe, andika nani anakata utepe wa nini. Picha ya ua la pambo, acha alt ikiwa tupu kabisa, programu itairuka na mtu ataendelea na safari yake. Ni suala la kujiuliza ukimsimulia mtu kwa simu ungeitaja au ungeiacha.

Mwanga nao. Stesheneri yangu inaangalia magharibi, na kuanzia saa nane jua la Dodoma linaingia hadi kwenye fotokopi. Wateja wanasimama nje wakifunika simu kwa kiganja kusoma maandishi ya kijivu juu ya weupe. Kuna binti anasoma chuo hapa mjini, ana ualbino, na macho yake, kama ya wengi wenye ualbino, yanaona hafifu na hayapendi mwanga mkali. Yeye anakuza maandishi mpaka neno moja linajaa nusu ya kioo. Tovuti nzuri inakubali: maneno yanakua, mistari inajipanga upya. Tovuti mbaya inamletea menyu inayokua nayo, inafunika fomu, na kale ka-X ka kuifunga kameshatoka nje ya kioo. Namwona anavyosogeza kushoto, kulia, kushoto. Fomu ya dakika kumi inamchukua saa nzima, na katikati tovuti inamtoa kwa madai kwamba amekaa muda mrefu bila kufanya kitu.

Mdogo wangu alinipa kipimo cha rangi. Miongozo inayofuatwa duniani ya kufanya tovuti zitumike na kila mtu, WCAG, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walianza kuitoa mwaka 1999 na toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Weusi juu ya weupe ni 21 kwa 1. Ile kijivu inayopendwa na kila mtu, ambayo mafundi wanaiandika #999999, juu ya weupe ni 2.85 kwa 1. Miongozo hiyohiyo inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea, na mtu anayekaribia kutolewa aonywe na apewe walau sekunde 20 za kubonyeza kitu kimoja aendelee. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mfadhili.

Mwaka jana tulitengeneza tovuti yetu ya kwanza, mimi na mdogo wangu, ya mwenye nyumba ya wageni. Tukabishana naye kwa kijivu. “Inapendeza, ina hadhi,” anasema. Nikamtoa nje saa tisa alasiri, nikampa simu yake, nikamwambia nisomee bei ya chumba. Akakunja uso, akageuka, akatafuta kivuli cha mwarobaini. Akakubali weusi. Kwenye picha zinazojigeuza zenyewe kila sekunde tatu tulishindwa. Aliona tovuti za wenzake zinazo, akazitaka, tukamwekea na kitufe cha kusimamisha. Ndiyo biashara.

Wengine wananiambia nidai sheria. Ipo, ya mwaka 2010, ya watu wenye ulemavu, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi, pamoja na majengo na usafiri. Mwalimu ameisoma ibara hiyo, anaijua kwa moyo. Lakini yeye alichagua kuandika barua pepe. Aliwaandikia wenye tovuti ya mafunzo mara tatu, kwa upole kabisa, kisanduku kwa kisanduku: cha kwanza hakina jina, cha pili hakina jina. Mara mbili hakujibiwa.

Kuna moja hatujaipatia dawa, nayo ni yale maswali ya kuthibitisha kuwa wewe si roboti. “Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto.” Mimi nimezaliwa Kondoa, nina macho mawili mazima, na lile dude fupi jekundu la kwenye kona za barabara za Marekani nimelijulia kwenye hizo picha. Mwalimu anabonyeza alama ya kusikiliza, inakuja sauti ya Kizungu ndani ya makelele kama karanga zinakaangwa, aandike alichosikia. Mtu anayesikiliza roboti kutwa nzima anaulizwa kama yeye ni roboti. Na zipo tovuti zinazokataza kubandika paswedi, eti usalama, lazima uibonyeze herufi moja moja. Matokeo ya usalama huo yako chini ya meza yangu, nyuma ya boksi la karatasi.

Sijawahi kukaa nikapiga hesabu ni kiasi gani cha kipato changu kinatokana na tovuti mbovu. Ningepiga, nadhani ningenyamaza kimya nisiandike haya.

Mwezi uliopita bajaji ikasimama mlangoni. “Ngazi moja, Mwalimu.” Tukasalimiana. Kulikuwa na wateja wawili, na kwa kuwa nilishajifunza, nikamwambia tuko watatu humu, Mwalimu. Nikainama kuchukua kaunta buku.

“Fomu gani leo?”

“Hakuna fomu. Nakutumia kitu WhatsApp, unitolee karatasi.”

Simu yangu ikalia. Ilikuwa ile tovuti ya mafunzo, ukurasa wa uthibitisho, jina lake, namba ya maombi, tarehe, saa nne na dakika kumi na tisa usiku. Alikuwa amejaza nyumbani kwake, kitandani, peke yake. Visanduku vina majina sasa, akasema. Hakuna aliyemwandikia kumwambia. Alijaribu tu usiku ule, na kidole kilipoteleza simu ikasema “Jina la Kwanza”, akarudi nyuma ikasema tena, akairudia na ya tatu.

“Na paswedi ni ileile?” Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wake, kalamu mkononi.

“Nimeibadilisha.”

“Niandike nini sasa?”

“Usiandike kitu, mwanangu.” Akacheka, akanipa 200 yangu, akatafuta mlango kwa fimbo.

Nilipomaliza wale wateja wawili nikachukua ule wino mweupe wa kufutia, nikapaka juu ya jina la mama yule na mwaka wa ndoa yao. Nikasubiri ukauke. Bado lilikuwa linasomeka kwa chini, nikapaka tena.